Mashine ya kufulia inaunguruma lakini pangaboi halizunguki

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba mashine yako ndogo ya zamani ya kufulia inaunguruma, lakini pangaboi, yaani kile kisahani chenye mapezi kinachovuruga maji, halizunguki ukishaweka nguo. Kwanza chomoa umeme, toa nguo na maji, kisha zungusha pangaboi kwa mkono: likiwa zito, ondoa nyuzi zilizonasa nyuma yake pamoja na ule ukoko mweupe wa maji ya chumvi ya visima vyetu hapa Dodoma, ambao mimi huulainisha kwa siki; likiwa jepesi, kagua mkanda unaounganisha mota na pangaboi. Mashine hizi, kama ile ya kampuni ya Hoover ya 1948 yenye pangaboi ubavuni, hutakatisha mashuka kwa dakika chache, tena vizuri sana, ila husokota nguo, hivyo sweta ninazifua kwa mkono. Punguza nguo pia, kwa kuwa zikibanana mkanda huteleza.