Maswali na Majibu: Mkaratusi ni Mmoja, Misitu Mbalimbali

Maswali ya leo yanahusu misitu ya mikaratusi ya sehemu zenye unyevu mwingi za Tasmania, Australia, inayovunwa mbao. Watafiti huigawa makundi kwa kutazama mimea iliyomo.

*Kama juu kote ni mikaratusi, ya nini kuigawa makundi?*

Kwa sababu chini hakufanani. Aina ileile ya mkaratusi, Eucalyptus obliqua, utaikuta hapa imetawala vichaka na miakasia, na pale imesimama juu ya miti ya msitu wa mvua kama Nothofagus cunninghamii. Huo wa pili huitwa msitu mseto. Tofauti hiyo huletwa na udongo, mvua, na zaidi ya yote moto. Miche ya mikaratusi haistahimili kivuli. Moto usipopita kwa karne tatu au nne, mizee hufa bila warithi, msitu wa mvua ukabaki peke yake.

*Makundi hayo hupatikanaje?*

Watafiti hupima vipande vya ardhi na kuandika kila mmea uliomo na umeenea kiasi gani. Orodha hulinganishwa kwa kompyuta. Programu ya TWINSPAN, ya mwaka 1979, hugawa orodha mafungu mawili, kisha kila fungu tena mawili. Tahadhari: hugawa hata pasipo na mpaka wa kweli, hivyo lazima kurudi msituni kuhakikisha.

*Mvunaji wa mbao anafaidika nini?*

Hili ndilo swali la maana kuliko yote. Njia iliyozoeleka huko ni kukata eneo zima, kuchoma mabaki na kumwaga mbegu za mikaratusi. Mbegu za akasia hukaa udongoni miongo mingi na huamshwa na joto la moto, basi zenyewe hurudi upesi. Nothofagus haina akiba hiyo. Hutegemea miti jirani iliyosalia, na mbegu zake haziendi mbali. Ukivuna kila miaka 80 au 100, msitu mseto haupati muda wa kukomaa, ingawa hesabu ya magogo itaonyesha mikaratusi imejaa tele. Mpangaji asiye na ramani ya makundi haya ya mimea hawezi kuiona hasara hiyo, wala kujua ni wapi pa kuacha miti ya mbegu. Kwangu, ramani hiyo itangulie msumeno.

*Mashamba yetu ya mikaratusi Afrika Mashariki yamo katika makundi hayo?*

Hayamo. Yalipandwa, na mimea inayoota chini yake ni ya kwetu. Njia ya kupima inafaa kuazimwa. Majina ya makundi yabaki Tasmania.