Mwani unadumaa ilhali maji ni maangavu: angalia mkondo kwanza

Mleta mada, unasema cottonii wako (aina ya mwani unaolimwa) anadumaa, anakuwa mweupe na kukatika, na maji ya shambani ni maangavu hadi mchanga unaonekana. Nimelima mwani muda mrefu, na swali langu la kwanza ni hili: maji hayo yanatembea?

Mwani hauna mizizi ya kunyonya chakula ardhini. Nitrojeni, fosforasi na kaboni huingia kupitia ngozi yake yote, na maji yanayogusa ngozi hiyo yakituama, chakula kilichomo huisha. Kwangu, mwani wa kamba zinazopokea mkondo kwanza hunenepa kuliko wa kamba za katikati, mbegu (vipande vya mwani vya kupanda) zikiwa zile zile.

Pili, joto. Usipime asubuhi. Pima maji yakikupwa, jua likiwa utosini, maana hapo ndipo mwani unapoumia. Nyuzi 25 hadi 30 cottonii huenda vizuri. Zikipita 31 siku mfululizo, mimi huanza kutarajia weupe.

Chumvi nayo ina hila. Maji ya bahari kwa kawaida huwa na takriban gramu 35 kwa kila kilo, na yakishuka chini ya 25 mwani huteseka. Maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu, hivyo kamba za kuelea ndizo hudhurika kwanza. Mvua kubwa ikinyesha nazishusha kwa mawe hadi mawimbi yachanganye maji.

Sasa ushike mwani wenyewe. Ukipauka njano mwili mzima lakini bado mgumu, hiyo ni njaa ya nitrojeni. Weupe ukiwa sehemu moja ya tawi, laini ukibonyeza, na tawi likikatikia hapo hapo, huo ni ugonjwa wa aisi-aisi: bakteria wamevamia mwani uliokwisha dhoofika. Kidole kikitoka na tope, tikisa kamba, mwanga haufiki.

Waliokushauri usogee mdomoni mwa mto upate rutuba, siwaungi mkono kabisa. Utapata tope, maji yasiyo na chumvi na magugu ya kijani yanayoufunika mwani.

Funga mbegu chache penye mkondo, upime uzito kila wiki. Zikikua asilimia 3.5 kwa siku, zitakuwa maradufu kwa siku 20 hivi. Kwa asilimia 1.5 utangoja siku 46. Cottonii akishindwa hata huko, panda spinosum, aina nyingine ya mwani, yeye huvumilia zaidi.