Mota mpya ya bendiso: angalia mzunguko kabla ya nguvu

SWALI: Habari za kazi. Bendiso yangu (mashine ya msumeno wa utepe) ya magurudumu ya inchi 14 imeunguza mota. Ilikuwa ya HP 1.5, fezi moja, mizunguko 1,440 kwa dakika. Dukani kuna ya HP 2, mizunguko 2,850, na bei yake ni nafuu. Niichukue? – Seremala, Morogoro

JIBU: Iache, ndugu yetu. HP 2 haina ubaya. Shida ni hiyo 2,850. Tuseme puli (gurudumu dogo linaloshika mkanda) ya mota ina kipenyo cha milimita 100 na ya gurudumu 180. Kwa mota ya 1,440, gurudumu huzunguka mara 800 kwa dakika na msumeno hukimbia kama mita 890 kwa dakika, mwendo unaofaa kabisa kwa mbao. Ukifunga ya 2,850, msumeno utavuka mita 1,700. Hapo utachemka, utakatikia pale ulipochomelewa, na mpira wa gurudumu unaweza kubanduka na kurushwa. Wapo watakaokushauri ufunge puli ya milimita 50 kwenye mota ili kupunguza mwendo. Usikubali: mkanda wa V wa saizi A hautaki puli iliyo chini ya 75, utateleza na kuchakaa upesi.

Tafuta mota iliyoandikwa kati ya 1,400 na 1,450, kilowati 1.1 (ndiyo HP 1.5) au 1.5 (ndiyo HP 2). Mtumba wa 1,725 wa 60 Hz usinunue, umeme wetu ni 50 Hz.

Nenda dukani na puli ya zamani mkononi. Shafti ya milimita 19 hutumia kii (kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti) ya milimita 6, ya 24 hutumia kii ya 8. Puli ikipwaya, kii italika ndani ya wiki chache. Pima pia kimo kutoka kwenye miguu ya mota hadi katikati ya shafti, milimita 80 au 90, la sivyo matundu ya bolti hayatakaa. Na iwe mota iliyofunikwa, IP54 (kiwango cha kinga dhidi ya vumbi na maji) kwenda juu. Ya wazi huvuta unga wa mbao hadi kwenye koili, ikashindwa kupoa.

Lakini una hakika imeungua? Kama inanguruma tu bila kuzunguka, na haina harufu ya kuungua, huenda ni kapasita (kifaa kinachosaidia mota kuanza), na hiyo ni bei ndogo sana. Zima umeme na uimalize chaji kabla ya kuigusa.

Mota mpya iwashe kwanza bila msumeno. Gurudumu lizunguke upande utakaoshusha meno kuelekea mezani. Likienda kinyume, fundi umeme abadilishane nyaya mbili za koili ya kuanzishia.