Mkemia Asiyeshika Chupa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili wa kemia. Somo nalipenda, ila maabarani mikono inanitetemeka na pipeti nimeshavunja kadhaa. Nasikia wewe ni mkemia wa kompyuta, hushiki chupa hata moja. Ulifikaje huko? Na ukitoka kazini unafanya nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi sikutolewa maabarani na mikono, nilitolewa na mmenyuko mmoja mkaidi. Nilikuwa kwenye uzamili, nataka kuunganisha molekuli mbili ambazo kwenye karatasi ungeapa zinatakana. Miezi saba nikabadilisha kiyeyusho, joto, kichocheo, na kila jioni nikaishia kusugua chupa ileile yenye masizi ya kahawia. Msimamizi wangu akaniambia, "Hebu tupige hesabu kwanza." Baada ya siku nne kompyuta ikatoa jibu: kilima cha nishati ambacho molekuli zilipaswa kukivuka kilizidi kilokalori 40 kwa moli. Hata kiyeyusho kichemke, wajukuu wangu wasingeuona mwisho wa jaribio lile. Nililia kidogo, kisha nikaomba nifundishwe.

Mlinganyo wa Schrödinger, ule unaoeleza tabia ya elektroni ndani ya molekuli, tunao tangu 1926, lakini elektroni zikiwa nyingi hautatuliki kikamilifu, hivyo kazi yetu ni kukadiria kwa akili. Njia niliyoitumia katika uzamivu msingi wake uliwekwa na Walter Kohn na wenzake mwaka 1964 na 1965: badala ya kuihangaikia kila elektroni, unahesabu msongamano wa elektroni zote kwa pamoja. Kohn alipata Nobeli ya kemia mwaka 1998 pamoja na John Pople. Mimi niliipeleka njia hiyo kwenye vimeng'enya vyenye chuma, na huko ndiko nilikoumbuka.

Maana usidhani huku hakuna pipeti za kuvunja. Niliandika chaji ya chuma 2 badala ya 3. Kompyuta haikunung'unika; kwa wiki tatu ilinipa namba nzuri zenye desimali nane. Nilishtuka siku nilipolinganisha na vipimo vya eksirei vya fuwele, nikakuta kifungo cha chuma na oksijeni kimerefuka isivyo kawaida. Wiki tatu, zote kapuni!

Kwa hiyo kama unataka kuja huku ili uikimbie maabara, nakuonya. Katika joto la chumba, kosa la kilokalori 1.4 tu kwenye kilima hubadilisha kasi ya mmenyuko mara kumi. Mara ngapi nimeshuka ngazi kwenda kumbembeleza mtu mwenye koti jeupe anipimie kitu kimoja tu! Jifunze aljebra ya matriki na kuandika programu, lakini ripoti zako za maabara usizitupe. Na hizo pipeti, zishike karibu na ncha ya juu unapoingiza balbu. Wengi huzivunja hapo.

Jioni ni seremala. Kompyutani nikikosea narudia. Ubao ukishaukata mfupi, umekata. Nimejifunza kutengeneza vigoda vya miguu mitatu, kwa sababu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu. Cha miguu minne nilitengeneza kimoja tu, kinacheza mpaka leo. Mguu mmoja nimeuwekea karatasi iliyokunjwa, na karatasi yenyewe ni matokeo ya zile wiki tatu.