Waanze na wanachokiona

Mwalimu mwenzangu, umesema ukiwapa wanafunzi tangazo la gazetini wanaishia kusema "linavutia" na hawaendi mbele. Badilisha swali la kwanza. Usiwaulize linamaanisha nini. Waulize wanaona nini. Waorodheshe tu: nani yupo, anatazama wapi, rangi gani zimetawala, maneno yapi ni makubwa na yapi yamebanwa chini kwa herufi ndogo. Hayo ya chini ndiyo mara nyingi yana masharti, kwa hiyo yasomwe kwa sauti.

Kisha walete tangazo la saa ya mkononi. Mara nyingi mishale husimama kwenye saa 4:10 hivi, yaani mfupi kwenye 10 na mrefu kwenye 2: jina la kampuni linabaki wazi, na mishale inainuka kama tabasamu. Usiwaambie. Waache wakusanye matangazo kadhaa walione wenyewe, kwani hapo ndipo wanapoelewa kwamba hakuna kitu kimewekwa kwa bahati.

Nafasi tupu nayo wengi huiruka. Tangazo la Volkswagen la Marekani la mwaka 1959 linafaa sana: gari dogo juu ya ukurasa, sehemu kubwa imeachwa wazi. Funika maneno kwa karatasi, wakisie linasema nini, halafu funua.

Swali la "linamlenga nani?" liwe la mwisho, na kila jibu lionyeshwe kwa kidole kwenye picha. Mimi nisingetoa alama kwa maoni yasiyo na ushahidi, hata yakiwa sahihi.