Maji ya kupozea mitambo: tuanzie wapi kupunguza matumizi?

Swali: Kiwanda chetu hutengeneza nondo. Maji ya kupozea huzunguka kupitia mnara, lakini mengi humwagwa kila siku. Uongozi unataka kununua mtambo wa kuchuja maji taka yote kwa utando (ngozi nyembamba inayopitisha maji na kuzuia chumvi) ili yatumike tena. Je, ni hatua sahihi ya kwanza?

Jibu: Ndugu msomaji, huo mtambo usiwe wa kwanza. Anzeni kwa kupima chumvi iliyomo katika maji yanayozunguka na katika maji mapya ya kujazia mnara. Mnara hupoza kwa kuvukiza sehemu ya maji, na kwa kuwa mvuke hauondoki na chumvi, maji yanayobaki huzidi kukolea hadi mlazimike kuyamwaga.

Tuseme mnara huvukiza mita za ujazo 100 kwa siku. Mkimwaga chumvi inapofika mara 2 ya ile ya maji ya kujazia, mtajaza mita 200 na kupoteza 100 mtaroni. Mkisubiri ifike mara 5, mtajaza 125 na kumwaga 25 tu. Kutoka mara 5 hadi 10 mtaokoa takriban mita 14 zaidi, huku hatari ikipanda: chokaa hujenga gamba kwenye mabomba, silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) hujenga gamba gumu zaidi ambalo asidi za kawaida haziliondoi, na kloridi (iliyomo pia katika chumvi ya mezani) hutoboa chuma cha pua. Kwa hiyo kikomo chenu kitatokana na vipimo vya maabara, wala si cha kunakili kwa jirani. Kagueni pia valvu ya kumwagia, kwani mara nyingi huachwa wazi kidogo usiku na mchana. Ifungieni kifaa kinachoifungua pale tu chumvi inapofika kikomo.

Maji yanayomwagiwa nondo za moto yawe na njia yake. Yamebeba magamba ya chuma na mafuta, ambayo huondolewa kwa shimo la kutuamisha, kifaa cha kuengua mafuta na kichujio cha mchanga, kisha maji hurudi kwenye kazi ileile bila kuhitaji utando. Mkiyachanganya na maji mengine, mafuta hayo yataziba utando wa bei ghali.

Utando ufuate baadaye, kwa ukubwa unaolingana na maji yatakayokuwa yamesalia. Ukirejesha robo tatu ya maji, robo inayobaki hubeba karibu chumvi yote, ikiwa imekolea takriban mara 4, na ni lazima mjue itapelekwa wapi kabla ya kusaini mkataba.