Kabla ya Kuomba Uzamili wa Kufundisha Kiingereza, Tafuta Swali Lako

Walimu wanaofundisha Kiingereza kama lugha ya pili huniuliza mara kwa mara kama kuna haja ya kusoma shahada ya uzamili. Ipo, ila kwa sharti moja: uwe na swali la darasani linalokukosesha raha, ambalo vitabu vya kiada na semina fupi zimeshindwa kulijibu.

Langu lilihusu herufi moja tu. Wanafunzi wangu waliijua vizuri kanuni ya kuongeza "s" kwenye kitenzi cha nafsi ya tatu umoja. Wape zoezi la kujaza nafasi, wanapata zote. Muda si muda wanasimulia habari za dada zao, na ile "s" haisikiki kabisa. Walimu wengi husema huo ni uzembe. Mimi jibu hilo halikuniingia akilini, maana watoto wenyewe nilikuwa nawaona wakijitahidi, na ndiyo sababu nilirudi chuo kikuu.

Huko nilikuta watu walishalihangaikia jambo hili miaka mingi. Mwaka 1967 mtaalamu wa isimu Pit Corder aliandika kwamba makosa ya mwanafunzi yanatuonyesha kanuni anazojijengea mwenyewe kichwani. Mwaka 1972 mwanaisimu mwenzake Larry Selinker akaeleza kuwa mwanafunzi huwa na mfumo wake wa lugha, ambao si lugha ya kwao wala si Kiingereza kamili. Utafiti uliofuata juu ya mpangilio wa kujifunza viambishi ukaonyesha kwamba "s" hiyo ni miongoni mwa vinavyochelewa kukaa, hata kwa wanafunzi wenye lugha za kwanza tofauti. Nilifarijika mno kusoma hayo. Wanafunzi wangu walikuwa njiani, tena walipopaswa kuwa.

Mambo mengine yalibadilisha kazi yangu moja kwa moja. Watafiti Lyster na Ranta, mwaka 1997, walichunguza madarasa ya Kifaransa nchini Kanada. Mwalimu kuirudia sentensi ya mwanafunzi kwa usahihi ndiyo njia ya kusahihisha iliyotumika zaidi, lakini ndiyo iliyowasukuma wanafunzi kidogo kuliko zote kuitikia sahihisho. Siku hizi nauliza, nanyamaza, nampa mwanafunzi nafasi ajirekebishe. Naye mtafiti wa elimu ya lugha mbili Jim Cummins alinifumbua macho kuhusu mtoto anayepiga soga vizuri kwa Kiingereza lakini akafeli sayansi: lugha ya mazungumzo huweza kushikwa kwa takriban miaka 2, ilhali ya masomo huchukua 5 hadi 7. Fikiria ni watoto wangapi wameitwa wazito kwa kutojua hilo!

Cheo na mshahara ni sababu halali, wala usizionee haya. Lakini usiku wa manane, tasnifu ikiwa imekwama na msimamizi amerudisha sura nzima, ni swali lako litakalokurudisha mezani. Kwa hiyo ningemshauri aliyemaliza shahada ya kwanza juzi afundishe kwanza. Na kama unachotaka ni mbinu za darasani tu, cheti kama CELTA, cha kozi fupi ya kufundisha Kiingereza, kinaweza kukutosha kwa sasa.

Kama nawe Kiingereza ulijifunza darasani, nenda bila unyonge. Mahali kinapokwama unapajua kwa kupapitia, na chuoni hiyo ni hazina kubwa.

Muhula huu weka daftari pembeni, uandike kila jambo la wanafunzi wako usiloweza kulieleza. Litakalojirudia ndilo la kuanzia barua yako ya maombi. Kisha soma orodha ya wahadhiri wa kila chuo unachokifikiria, utazame nani analifanyia utafiti jambo hilohilo, na kama kozi yenyewe ina mazoezi ya kufundisha. Chuo kikiwa na jina kubwa lakini hakina mtu wa kukuongoza kwenye swali lako, tafuta kingine.